Anayesimama Kushoto kwa Badar

Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka 2007, baada ya sala ya alasiri, Badar alikaa kwenye kompyuta namba nne katika duka la intaneti la Sajid, mtaa wa Kiponda, akaandika kwa vidole viwili namna mpya ya kupigana kwa shujaa mtakatifu wa mchezo mmoja wa kompyuta. Panka la kuleta upepo dukani lilikuwa bovu. Sajid alikuwa akila bajia juu ya gazeti, na kila baada ya muda akimkumbusha Badar asishike kibodi kwa mikono yenye mafuta, ingawa bajia zilikuwa za Sajid na Badar hakukaribishwa hata moja.

Mchezo uliitwa Falme za Chumvi. Maelfu ya watu wa nchi mbalimbali waliucheza kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kompyuta yake, wakiunda vikosi na kupigana na mazimwi. Badar alikuwa na miaka arobaini na sita na ndiye fundi wa kompyuta hapo dukani. Shule aliiacha darasa la sita. Kiingereza chake alikipata kwa kutembeza watalii. Mtu wake ndani ya mchezo alikuwa shujaa mtakatifu, mwenye ndevu na deraya nyeupe, vazi la chuma la vitani, naye alimpa jina la babu yake mzaa baba, Zahran.

Shujaa huyo alikuwa na kasoro moja. Uwezo wake mkubwa ulikuwa kupokea mapigo ya wenzake. Mwenzake akirushiwa shoka, shoka linamuingia yeye. Kwa hiyo alikufa mapema kuliko wote, na watu wakaacha kumchagua. Wenye mchezo, Wazungu wa nchi ya baridi ambao Badar hakuwahi kuwaona, wakatangaza kwamba mchezaji mwenye rai ya kuurekebisha uwezo huo aipeleke.

Badar aliandika hivi. Shujaa akipigwa, pigo lisimpate. Limpate mwenzake aliyesimama karibu naye, upande wa kushoto. Shujaa abaki mzima, na kila pigo linalokwenda kwa mwenzake limuongezee yeye nuru, ili watu wamuone kwa mbali na kumfuata. Kati ya pigo na pigo zipite sekunde kumi na mbili. Akatoa na sababu: shujaa akianguka, kikosi kizima kinaanguka, bora aanguke mmoja asiye na kazi kubwa.

Sajid alikuja kusoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Na huyo wa kushoto kakosa nini?"

"Hajakosa kitu. Kasimama tu."

"Basi mimi nawe tusipange foleni pamoja," alisema Sajid, akarudi kwenye bajia zake.

Baada ya wiki tatu rai ya Badar ilikubaliwa, ikaingizwa mchezoni. Siku ya pili yake, saa kumi na nusu jioni, Badar alirudi nyumbani akamkuta Zahran amekaa barazani kwake. Alikuwa amevua viatu vyake vya chuma na kuvipanga kando ya kandambili za watu wa nyumba. Bi Hamda, mke wa Badar, alikuwa keshampa kahawa na kipande cha halua. Upanga wa mgeni, Bi Hamda aliutia ndani, nyuma ya mlango, kwa sababu njia ile walipita watu wengi na ilikuwa nyembamba.

"Mgeni wako," alisema Bi Hamda. "Anasema mnafanya kazi pamoja."

Badar akakaa. Zahran alimaliza halua yake kwanza, akafuta vidole.

"Jana nimepigwa shoka na sikuumia," alisema. "Kaumia mpiga filimbi wa kikosi chetu, aliyesimama kushoto. Nimemuona anaanguka, na mimi nnang'ara."

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Nimekuja kuuliza. Jambo hili umejifunza wapi?"

"Nimelibuni mwenyewe."

"Hapana," alisema Zahran, bila ukali. "Umelipanga vizuri mno. Hata upande umeutaja."

Badar alikuwa anajua upande ule umetoka wapi.

Mwaka 1994 Badar na rafiki yake Pandu walikuwa wapimaji katika ghala moja la karafuu. Wakati ule karafuu zilinunuliwa na serikali peke yake, na mtu aliyekamatwa nazo za magendo alifungwa. Badar alitoa magunia matatu ghalani, akayaficha katika stoo ya Pandu, chini ya ngazi za jumba la Michenzani. Ufunguo alikuwa nao, kwa sababu Pandu alimruhusu kuweka baiskeli yake humo. Magunia alikusudia kuyaondoa Ijumaa. Lakini karafuu haifichiki. Harufu ilipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, na Alhamisi polisi wakaja. Marafiki wawili walisimama mbele ya mlango wa stoo, Badar kulia, Pandu kushoto. Askari akauliza magunia ya nani. Badar akasema hajui. Pandu naye akasema hajui, lakini stoo ilikuwa yake. Alifungwa miaka mitatu. Badar hakwenda jela kumuangalia hata siku moja, kwa kuwa aliona haya. Pandu alipotoka, Badar alimpelekea mkungu wa ndizi, naye akafurahi sana, akaanza tena kuja barazani kila siku baada ya alasiri kucheza karata.

Siku hiyo ya mgeni pia Pandu alikuja. Alimsalimia Zahran, akaigusa deraya kwa kidole.

"Bwana, joto lote hili na chuma hicho, hutokwi jasho?"

"Natokwa."

"Njoo kwangu Michenzani, ghorofa ya nne. Upepo tele. Hapa kwa Badar utaiva."

Akakaa mahali pake pa kila siku, kushoto kwa Badar, akagawa karata. Badar alijimiminia kahawa, mkono ukateleza, kahawa ya moto ikamwagikia kiganjani. Hakusikia kitu. Pandu ndiye aliyeruka, akaukung'uta mkono wake. Malengelenge matatu yakatoka hapo hapo.

"Kahawa yako leo kali," alisema Pandu.

Bi Hamda alileta dawa ya mswaki, akampaka. Zahran alikuwa amenyoosha mkono haraka mbele ya Pandu, kama mtu anayedaka kitu, kisha akaurudisha taratibu.

"Zamani pigo hilo ningelichukua mimi," alisema. "Sasa uwezo huo sina tena."

Ikawa hivyo. Badar alipong'oa jino, shavu la Pandu ndilo lililovimba, akanywa uji siku nne. Badar alipojikwaa kizingitini, Pandu alichechemea kurudi Michenzani. Alisema ni uzee, na kwamba uzee wa watu masikini unaanzia miguuni. Hakuacha kuja, na hakubadilisha mahali pa kukaa.

Badar naye akaanza kung'ara. Kwanza ilikuwa kidogo, usoni tu, kama mtu aliyetoka kuoga. Baada ya wiki mbili nuru ilimtoka mpaka mabegani. Vyumba vya nyumba ile vilikuwa na giza hata mchana, na umeme ukikatika Bi Hamda alimwita mumewe akae karibu na ungo wake. Majirani walisema ni ibada. Msikitini walimsogeza safu ya mbele, na mzee mmoja aliyekuwa na kawaida ya kukaa hapo akampisha. Badar alisali hapo mbele huku akiona haya, lakini haya zake hazikufika mahali pa kumrudisha safu ya nyuma.

"Sogea," Bi Hamda alimwambia siku moja, akichambua mchele. "Mawe yote nnayaona leo. Mpaka yale madogo."

Badar akasogea.

"Mashati yako ya mwaka ule aliofungwa Pandu nlikuwa nayafua mimi," alisema Bi Hamda. "Maji matatu, na karafuu hazitoki."

Badar hakumuuliza kwa nini hakusema zamani. Mchele ulikuwa mwingi. Walikaa hivyo mpaka ukaisha.

Pandu alikuwa na binti mmoja, Biasha, mwalimu wa watoto wadogo. Mwezi wa nane alikuja kuposwa na kijana wa watu wa Mangapwani. Biasha alimtaka kijana huyo na Pandu alimtaka pia, na kwa wiki nzima Pandu alishindwa karata zote kwa furaha. Watu wa Mangapwani walifanya inavyofanywa: kabla ya kukata shauri, walimtuma ami yake kijana, Mzee Borafya, aje mjini aulizie ukoo. Mtu aliyeelekezwa kwake alikuwa Badar, rafiki wa Pandu wa miaka yote, na mtu mwenye nuru.

Badar alimkaribisha ndani. Barazani alibaki Pandu pamoja na Zahran.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ndiye wa kuulizwa," alisema Mzee Borafya, "na nikikutazama naona sikudanganywa. Binti hatuna neno naye. Mimi naulizia baba. Tumesikia aliwahi kufungwa."

"Aliwahi."

"Kwa magendo."

"Kwa magendo."

"Sasa nikuulize mbele ya Mungu. Mambo ya serikali tunayajua, mtu anaweza kufungwa bure. Alifanya, au hakufanya? Ukisema hakufanya, mimi leo narudi na jibu la heri."

Badar alifungua kinywa. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa tayari. Aliiona stoo, akaona na safu ya mbele ya msikiti, na Mzee Borafya akirudi Mangapwani kusimulia. Ingebidi aulizwe amejuaje.

"Hayo yashapita, mzee," alisema. "Tokea atoke, sijasikia baya lake."

Mzee Borafya aliinamisha kichwa kidogo. Alikuwa mtu mzima na alijua kusikia hata lisilosemwa.

"Umenijibu kiungwana," alisema. "Nakushukuru."

Aliposimama, nuru ya Badar iliongezeka ghafla, mpaka mzee akakinga macho kwa kiganja huku akitafuta makubadhi yake. Nje, barazani, Pandu alikuwa ameshika kifua, ameinama mpaka karata zimemwagika. Zahran alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono yote miwili wazi, haishiki kitu.

"Usijali, bwana," Pandu alimwambia. "Gesi tu hii. Nimekula maharage."

Siku iliyofuata Badar alikwenda mapema kwa Sajid, akawaandikia wenye mchezo kwamba uwezo ule una makosa na urudishwe wa zamani. Walimjibu kwa adabu. Shujaa mtakatifu, walisema, sasa ndiye anayechaguliwa kuliko wote, na hawajapokea malalamiko yoyote isipokuwa ya wapiga filimbi. Walimshukuru tena, na jina lake wakaliweka kwenye orodha ya watu waliouboresha mchezo. Sajid aliuchapisha ukurasa huo, akaubandika ukutani juu ya kompyuta namba nne.

Siku mbili kabla ya Ramadhani, watu wa mjini walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuombana radhi, kama kila mwaka. Badar aliamka na maneno yake kamili. Hakutaka kusema yale yanayosemwa na kila mtu. Alitaka kutaja stoo, ufunguo na magunia matatu, kwa idadi. Aliyarudia maneno hayo akinawa, akivaa kanzu, akinywa chai. Zahran alimsikiliza akiyarudia barazani mara mbili, akasema yako sawa.

Pandu alikuja baada ya alasiri na barua. Umeme ulikuwa umekatika, mawingu yamekaa juu ya mji, na katika njia ile nyembamba hapakuwa na mwanga wa kusomea.

"Sogea, ndugu yangu," alisema. "Miwani nimeiacha."

Badar akasogea. Pandu alisoma kwa nuru yake, polepole, akifuata mistari kwa kidole cha mkono wenye makovu ya malengelenge. Watu wa Mangapwani walisalimu sana. Walisema kijana wao bado ana masomo, na wanamtakia Biasha mume mwema. Pandu alikunja barua, akaitia katika mfuko wa shati.

"Basi," alisema. "Ntamwambia nini mtoto?"

Zahran alitazama viatu vyake vya chuma.

"Pandu," alisema Badar.

"Naam."

"Kesho kutwa Ramadhani." Pandu alikuwa anamtazama, macho mekundu, anangoja kwa upole. "Nlilokukosea, kwa kujua na kwa kutojua, nisamehe."

"Nshakusamehe, ndugu yangu. Duniani na akhera."

Badar alibaki amefungua kinywa. Maneno mengine yote yalikuwepo. Lakini Pandu alimshika goti, maana zamu ilikuwa yake.

"Na mimi unisamehe," alisema Pandu. "Sikuombi kwa desturi tu, nina langu. Nlipokuwa ndani, kila siku ya kuangaliwa wafungwa nlikaa dirishani nikakungoja. Hukuja. Nikakuwekea kinyongo. Mwaka mzima, Badar, nilikuwa nalala na kinyongo chako. Siku moja nilifika kusema moyoni, labda magunia yale ni yako. Wewe! Mtu kama wewe, kila mtu anaona nuru yako. Naona haya hata kukutazama. Nisamehe."

Zahran aliweka kikombe chini, akangoja.

"Nshakusamehe," alisema Badar.

Pandu alishusha pumzi ndefu, akafuta uso kwa ncha ya shati. Kisha alizichanganya karata vizuri, akazipiga magotini zilingane, akamnyooshea Badar akate.