Kushoto kwa Kamera

Saa kumi na dakika ishirini jioni, Madam Becky aliumwaga mkoba wangu juu ya meza ya chakula. Vikatoka kitabu cha Kiswahili, madaftari mawili, Biblia, leso, ndizi moja iliyoiva kupita kiasi, na karatasi ya mtihani yenye alama thelathini na nane kwa wino mwekundu. Bangili ya marehemu mama yake haikuwemo.

"Hii ni nini, Auntie Wangeci?" Aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Ni mtihani, Madam."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Si wewe huenda maombi? Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, saa kumi na moja unatoka hapa mbio, maombi. Miezi minane!"

Nilisema uongo huo siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu mwajiri wangu wa awali aliniambia wazi kwamba hamlipi mtu wa kusoma. Baadaye nikashindwa kuurudisha nyuma. Kila jioni, kutoka Kileleshwa mpaka darasani Dagoretti Corner, nilimwomba Mungu msamaha njiani, kwa hivyo maombi yalikuwepo kwa namna fulani. Lakini hilo huwezi kumwambia mtu aliyepoteza bangili ya mama yake.

"Kumbe hata maombi ni uongo," akasema. "Sasa nikuamini na nini?"

Akachukua simu, akampigia mlinzi wa getini. "Muema, Auntie asitoke mpaka nikuambie." Kisha akarudi chumbani kwake kutafuta tena, na mimi nikaamriwa nikae pale pale, nisiguse kitu.

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Saa kumi na mbili tulikuwa na mtihani wa majaribio, na mwalimu wetu, Mwalimu Bramwel, alikuwa ametuonya kwamba asiyeufanya hatasajiliwa mwaka huu. Lakini si mtihani niliouogopa zaidi. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika nyumba moja ya Lavington, herini ilipotea. Nililala seli usiku mbili. Herini ikapatikana kwenye mfuko wa koti la mwenyewe, nami nikaambiwa, "Basi, rudi kazini, vyombo ni vingi." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa wakati huo. Sasa nina arobaini na minane, na niliona wazi kwamba seli ya pili singeiweza.

Kutoka chumbani nilisikia vitu vikitupwa kitandani. Nikaanza kupitia siku nzima kichwani, dakika kwa dakika, kama mtu anayechambua mchele.

Tangu asubuhi nyumba ilikuwa imejaa watu wa televisheni. Madam alikuwa amewakodishia chumba chake cha kulala kwa siku moja, naye akaenda ofisini. Kitanda chake kina kabati ndogo kila upande, moja karibu na mlango na nyingine karibu na dirisha, na zinafanana kama pacha. Droo ya mlangoni aliiacha tupu kwa ajili yao. Vitu vyake vyote alivihamishia ya dirishani.

Walikuwa wanatengeneza upya hadithi ya zaidi ya miaka mia moja, ya mwizi muungwana. Zamani alivaa kofia ndefu na kwenda kwa gari la farasi. Wao walikuwa wamemleta Nairobi ya leo, akapanda boda boda na kufungua milango kwa simu. Hadithi yenyewe niliijua. Mwalimu Bramwel alikuwa ametusomea kwa ufupi darasani. Nilimpenda yule mwizi, nikatubu, na wiki iliyofuata nikampenda tena.

Niliwapelekea chai, nikasimama nyuma ya mwongozaji wao, binti wa Mombasa aitwaye Sahar, nikatazama kwenye skrini yake ndogo. Mwigizaji, Obuya, akiwa na suti nyeusi, alifungua droo, akatoa bangili ya shaba, akatabasamu, akapiga picha kwa simu na kuondoka.

"Na kadi?" nikauliza. Maneno yalinitoka yenyewe. Wote wakageuka.

"Kadi gani, mama?" Sahar akauliza.

"Ya jina lake. Kwenye hadithi akiiba huacha kadi."

"Ah, hiyo tumeitoa. Siku hizi nani anatembea na kadi? Ataiweka picha mtandaoni, ulimwengu mzima ujue ni yeye."

"Ulimwengu utajua kesho. Mwenye nyumba akirudi leo jioni na hana bando la intaneti, atamuuliza nani?"

Obuya akacheka. "Mathe, kumbe wewe ndiye mwandishi!"

"Atamuuliza msichana wa kazi," nikasema. "Ile kadi si maringo. Anaiacha ili asilaumiwe mtu mwingine. Ndiyo maana akaitwa muungwana. Bila kadi ni mwizi tu, kama hawa wa kunyakua simu."

Sahar akaiweka skrini yake chini. "Wallahi, hilo sikulifikiria," akasema. "Haya, turudie mara moja na kadi. Nani ana mwandiko mzuri hapa?"

Hati yangu ni nzuri. Ndicho kitu pekee ambacho Mwalimu Bramwel hunisifia. Walinipa kipande cha kadi, cheusi upande mmoja na cha kahawia upande wa pili, pamoja na kalamu ya wino mweupe. Nikaandika upande mweusi: *Asilaumiwe mtu. Nimechukua mimi.* Wakairudisha bangili ya shaba kwenye droo ya mlangoni, wakahamisha kamera kutoka dirishani kwenda mlangoni ili kadi ionekane vizuri, nami nikakimbilia maharagwe yangu jikoni. Kabla ya saa nane walikuwa wamefunga vyombo na kuondoka mbio, kwa maana walisubiriwa katika duka moja mjini, Mtaa wa Biashara.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Hayakunisaidia kitu. Nilimwomba Mungu anionyeshe mahali macho yangu yaliporuka.

Madam akatoka chumbani, nywele zimesimama.

"Nimemwaga droo yote ya dirishani kitandani! Dawa ziko, chaja ziko, risiti ziko, kadi ya sijui saluni gani iko. Kila kitu kiko isipokuwa kitu cha mama yangu!"

"Kadi ya rangi gani?"

"Usinibadilishie maneno."

"Madam, nakuomba. Ni nyeusi? Isome."

Alirudi chumbani. Nilifikiri, Bwana asifiwe, yamekwisha. Akatoka polepole, kadi mkononi, akaisoma kwa sauti: "Asilaumiwe mtu. Nimechukua mimi." Akaenda mezani, akaiweka kando ya karatasi yangu ya mtihani. Akatazama huku, akatazama kule.

"Huu ni mwandiko wako."

"Ni wangu."

"Kwa hivyo umechukua wewe."

"Hapana, Madam. Ni mwizi."

"Mwizi gani?"

"Muungwana," nikasema, na hata mimi nilisikia jinsi lilivyokuwa jibu la mtu aliyerukwa na akili.

Nilijaribu kumweleza, lakini nilianzia mwisho, nikarudi katikati, nikamtaja Mwalimu Bramwel ambaye hamjui. Tayari alikuwa na simu mkononi, kidole kikitafuta namba, na nilijua ni namba gani. Hapo ndipo nikayakumbuka maneno niliyoyasikia nikiwa jikoni nikikoroga maharagwe. Sahar alipaza sauti, "Fungua ya kushoto!" Obuya akauliza, "Kushoto yangu ama yako?" Na Sahar, mwenye haraka, akajibu, "Kushoto kwa kamera, bwana wee, kama mwanzo! Tumechelewa!"

Lakini kamera haikuwa pale ilipokuwa mwanzo. Ilikuwa imehama, na kushoto kulikuwa kumehama nayo, kutoka droo ya mlangoni hadi ya dirishani. Neno tu ndilo lililobaki mahali pake.

"Madam," nikasema, "kabla hujapiga, fungua ile droo nyingine. Ya mlangoni. Kama haina kitu, nipeleke polisi, nami sitasema neno."

Akaishusha simu. Akaenda. Nilisikia droo ikivutwa, kisha kitu chepesi kikigongagonga mbao. Akarudi na bangili ya shaba, ile ya kuigiza, akiigeuzageuza mbele ya uso wake.

"Ya kwao wameacha," akasema.

"Na yako wakabeba."

Akampigia Sahar. Aliiweka simu kwa sauti ya nje, tukasikia makelele ya mjini, kisha Sahar akimwita Obuya, kisha, "Ya Rabi! Imo mfukoni mwa suti. Madam, anakuja nayo sasa hivi. Na huyo mama hapo, mwambie, tafadhali, mwambie..." Madam akakata kabla ya kusikia niambiwe nini.

Saa kumi na moja na nusu Obuya akashuka kwenye boda boda, bado amevaa suti ya wizi, viatu vinang'aa, helmeti kichwani. Alimpa Madam bangili kwa mikono miwili.

"Pole, madam. Pole sana, mathe. Haki nilidhani ni ile ya shaba. Nilishangaa tu mbona leo ni nzito."

Madam aliivaa bangili pale pale, akaishika kwa mkono mwingine kama mtu aliyeumia. Macho yake yalilowa. "Auntie, pole," akasema. "Lakini ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Hakungoja jibu. Aliingia chumbani na kufunga mlango.

Nilibaki na vitu vyangu mezani. Ndizi ilikuwa imepasuka juu ya daftari. Nililifuta, nikarudisha vitu kimoja kimoja mkobani. Kadi nikaiacha mwisho. Ningeweza kutoka tu, kama kila siku. Jumatatu ijayo ningesema naenda maombi na yeye angejifanya kuamini. Nikaigeuza kadi upande wa kahawia, nikaandika kwa ile hati yangu nzuri:

*Siendi maombi. Nasoma Dagoretti Corner, kidato cha nne. Leo saa kumi na mbili tuna mtihani. Nilikudanganya, nisamehe. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa hapa ukitaka. Wangeci Kamande.*

Nikagonga mlango wake, nikaisukuma kadi chini yake, nikaondoka.

Getini, Muema alisimama mbele yangu, amejaa aibu. "Auntie, sijaambiwa nikuachilie."

"Piga simu uulize."

Akapiga. Nilimtazama Obuya nje ya geti akibishana bei na yule wa boda boda. Dakika moja ikapita, ikawa mbili.

"Anasema ningoje," Muema akanong'ona. "Kuna kitu anasoma."

Nikangoja. Sikuomba chochote safari hii, nilisimama tu na mkoba wangu. Muema akasikiliza, akatikisa kichwa, akaishusha simu kidogo.

"Anauliza hesabu ndiyo inakushinda ama ni nini, kwa sababu ameona thelathini na nane."

"Mwambie ni hesabu."

Akamwambia. Kisha akafungua geti.