Wayo wa Kushoto wa Chiriku

Asubuhi ile Chiriku hakufungua mdomo kabisa. Baba yake alimpa jina hilo kwa jinsi alivyopenda kuongea. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, akawa anatembea kwa ncha za vidole, mbiombio, kama anayenyemelea kitu. Sasa alilazwa juu ya kitanda cha kliniki chenye mpira wa baridi, na nyuma ya pazia mtoto mwingine alikuwa akilia kama anachinjwa.

Mtaalamu wa viungo alikuwa na foleni hadi nje. Aliushika wayo wa kushoto, akausukuma juu, akaweka kipimo chake cha plastiki chenye mikono miwili. Mguu ulikakamaa kama mpini.

"Kifundo kimekaza sana, mama. Mshipa wa kisigino itabidi urefushwe."

Kila jioni, akishamwogesha maji ya moto, mama aliuona wayo uleule ukipanda mikononi mwake bila ubishi. Lakini ataanzaje kumwambia mtu aliyesomea?

"Sawa, daktari."

Upasuaji ulikwenda salama. Kisigino kikagusa sakafu, ila mguu ukaishiwa nguvu, goti likawa linakunjika lenyewe. Chiriku aliyezoea kumkimbilia baba mlangoni sasa alimsubiri kitini.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mguu wa kulia. Mtaalamu mpya, dada mmoja mpole, alipima, kisha akamwita mwenzake apime bila kumwambia alichopata. Majibu yao yakapishana mbali.

"Mtoto akiogopa, misuli hukaza," alisema. "Na mikono yetu nayo haifanani."

"Akishaoga mguu huwa unalegea," mama alisema.

"Kumbe! Basi tumpashe joto kwanza, tupime tena."

Walirudi siku nyingine, na nyingine. Wayo wa kulia ukapanda vizuri. Kisu hakikuhitajika.

"Na ule wa kushoto?" mama aliuliza. "Ningesema siku ile…"

Dada yule hakutaka kumdanganya. "Sijui, mama. Pengine mguu ungepasuliwa tu, pengine la. Lakini sisi ndio tuliopaswa kukuuliza."

Nyumbani mama alimsimulia mumewe yote.

"Yameshapita, mke wangu."

Mama akaanza kuukanda mguu wa kushoto, taratibu, mpaka mtoto akasinzia.