Kivuli cha Bi Kuluthumu

Na itangazwe kwa watu wote, kuanzia Nzega hadi Bukene, kwamba mwaka 1974 mji wa Tabora ulipigana na jua, na jua likashindwa. Vita vyenyewe vilianza asubuhi moja mtaani Chemchem. Twalibu, fundi cherehani, alikuwa chini ya mkuyu akitunga uzi kwenye sindano, na gari la matangazo likapita likitimua vumbi.

"Ukame ni adui! Kila mwananchi apande mti! Asiyepanda atatafutwa!"

Miche haikuwepo. Mvua nayo haikuwepo, na misitu ya jirani ilikuwa imeishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mtaani ulibaki mkuyu huo mmoja, ambao zamani wapagazi wa misafara walitua mizigo yao chini yake. Sasa alilala hapo Mwanajuma, mjukuu wa Twalibu, binti wa miaka sita mwenye moyo mbovu. Daktari alikuwa amesisitiza jambo moja tu: mtoto asipigwe na jua. Ndani ya nyumba yao ya bati hakukukalika.

Kuluthumu, mke wa Twalibu, alikuwa mtu wa kutii serikali. Alijifunga kanga vizuri, akapanda mti.

Alikuwa bado juu wakati Ndugu Modest, katibu kata, alipofika na Masolwa mkata mbao. Siku ya Kupanda Miti ingeadhimishwa hapo, mgeni rasmi alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, na mkuyu ulikuwa umesimama mahali pa jukwaa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Masolwa, akiweka msumeno shinani.

"Marahaba, baba. Unakata?"

"Nakata, Bibi."

"Basi uangushie barabarani. Huku kuna mtoto."

Mkuyu ukaangukia barabarani. Kuluthumu akabaki alipokuwa, amekaa hewani, miguu inaning'inia, mkono mmoja umeshika tawi lililokwisha kwenda.

"Bi Kuluthumu, shuka," alisema Modest. "Mti umeshakatwa."

"Nimeuona ukienda. Tangazo limesema nipande. La kushuka sijalisikia."

Modest alifikiri. Kweli, la kushuka halikutangazwa.

"Haya. Ila usije ukamwangukia mgeni."

Kivuli cha mkuyu kilikuwa kimetosha mtaa mzima. Cha Kuluthumu kilitosha mkeka mmoja. Twalibu akamlaza Mwanajuma humo, na kila kivuli kiliposogea, akauvuta mkeka. Jioni kivuli kilipoingia uani kwa jirani yao Getruda, Getruda alifungua mlango wa ua bila kuulizwa, akasogeza kuku wake. Chakula cha Kuluthumu kilipandishwa kwa upondo mrefu, kikapu kimefungwa nchani. Watoto wa shule walimwita Bi Popo, naye akawatukana mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Mwanajuma alicheka, na kwa siku kadhaa akaweza hata kukaa.

Kisha mgeni rasmi akafika. Alikuwa mtu mnene, aliyevaa suti nzito. Jukwaa lilikuwa juu ya kisiki, jua lilikuwa utosini, na pale Chemchem palikuwa na kivuli kimoja.

"Mzee Twalibu," alinong'ona Modest, "msogeze mtoto kidogo. Hotuba ni fupi."

"Ndugu Katibu, daktari amesema..."

"Kidogo tu, mzee. Usituaibishe."

Mtoto akasogezwa. Mgeni akakaa kivulini, akafuta jasho, akaanza kueleza faida za kivuli.

Kuluthumu alijisogeza hewani kidogo, kivuli kikamrudia Mwanajuma. Mgeni, bila kukatiza sentensi, akavuta kiti. Kuluthumu akajisogeza tena. Kiti kikavutwa tena. Umati ukapiga makofi, ukidhani ni sehemu ya sherehe.

"Bi Kuluthumu, tulia!" Modest alimkemea. "Mgeni anahutubia."

Hotuba ilifika kwenye faida za mizizi. Twalibu alivua kanzu yake, akaishika juu ya mjukuu wake kwa mikono miwili, lakini kanzu ilikuwa nyepesi, na jua likapenya. Mgeni alipomaliza, alipanda mche wa mkaratusi, akaumwagilia ndoo ya maji iliyochotwa mbali, kwa sababu kisima cha mtaa kilikuwa kimekauka. Watu wakashangilia. Ni baada ya makelele kutulia ndipo Twalibu alipoishusha kanzu, akamfunika nayo Mwanajuma hadi usoni. Yalipotafutwa maji ya kumwoshea maiti, mche ulikuwa umeshayanywa.

Mkaratusi ulikauka. Modest aliutangazia mkutano wa kata kwamba mti uliopandwa na Bi Kuluthumu unaendelea vizuri, na hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Mwaka uliofuata sherehe ilirudi palepale, na kiti cha mgeni kikawekwa kivulini mapema. Mkeka wa kusogeza haukuwepo tena.

Imebaki ile habari ya jua kushindwa. Msimulizi, mwanafunzi aliyeyaandika haya, alikuwa akiusoma mwanzo huo kwa sauti ya kiprofesa mbele ya wenzake wa bweni, akiwa amekaa pale Chemchem mahali penye ubaridi mzuri. Sauti ikatoka juu.

"We kijana. Limeshindwa na nani?"

Msimulizi akainua kichwa, akaziona nyayo mbili zenye vumbi. Akasema shikamoo, hakuitikiwa. Basi anakiri: jua halikushindwa, chumvi hiyo ameitia mwenyewe. Na baada ya kukiri hakuondoka kivulini. Kulikuwa na joto sana.