Simu ya Dafina

Stamen aliigeuza simu kitako juu, akapangusa vumbi kwa kidole gumba na kusoma namba zilizogongwa kwenye bati.

"Ya mwaka sitini na nane," alisema. "Hizi haziharibiki, mama. Ukimpiga nayo mwizi, anayeharibika ni mwizi."

Nevena hakucheka. Simu ilikuwa ya Dafina, jirani wa mlango wa pili, ambaye tangazo la kifo lenye picha yake lilikuwa limebandikwa mlangoni kwake tangu afariki. Mpwa wake ndiye aliyeileta, na maagizo ya marehemu: apewe Nevena, na aifunge fundi Stamen, si mwingine. Stamen aliposikia hivyo kichwa kilimvimba kidogo. Miaka mingi tangu aache kazi ya laini, kumbe bado anakumbukwa.

"Unajua tulikuwa na laini moja, mimi na yeye," Nevena alisema.

Alijua sana. Nusu ya mji wa Lovech iliishi hivyo: majirani wawili, namba mbili, waya mmoja, na kisanduku ukutani kwenye korido. Mmoja akiinua simu, kwa mwenzake kimya.

"Tarehe kumi na nne Februari, themanini na tano, mume wangu Gencho alianguka hapo ulipokaa. Nikainua simu: kimya. Nikagonga kwake hadi ngumi ikavimba, hafungui. Yuko kwenye umbea wake, na Gencho akafa bila daktari. Nimekaa miaka kumi na tisa bila kumwambia hata habari za asubuhi." Alivuta kiti karibu. "Kesho ni arobaini ya Dafina. Nipike ngano ya marehemu niende makaburini, au nisiende? Fungua, fundi. Kama simu ilikuwa mbovu, nitamsamehe. Kama ilikuwa nzima, basi."

Stamen alilegeza skrubu mbili, akainua gamba. Ndani kulikuwa na karatasi ya karakana, imebandikwa kwa gundi. Imepokelewa 11 Februari 1985. Imerudishwa 19. Chini yake, mwandiko wake mwenyewe na sahihi yake.

Jasho lilimtoka. Dafina alikuwa amesafiri kwa dada yake wiki ile, akamwachia funguo. Stamen aliipeleka simu karakana, na ukutani zikabaki nyaya mbili wazi. Alizisokota pamoja zisije zikapotea nyuma ya kabati. Ndivyo alivyofanya siku zote. Na kwa kisanduku cha korido, nyaya zilizosokotwa ni sawa na simu iliyoinuliwa. Siku nane nzima laini ya Nevena ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni yeye.

Aliibandua karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Kisha akarudisha gamba, akaunga simu kwenye waya wa Nevena, akainua mkono wa simu. Mlio wa laini ulikuja, safi.

"Simu ni nzima," alisema. "Nadhani alikuwa anaongea tu, mama."

Mlio ukakatika.

Alibonyeza kitufe cha kukatia, akabonyeza tena. Kimya. Ni kimya kile alichokifahamu vizuri, cha jirani aliyeinua simu yake. Alitoka hadi kwenye korido, akafungua kisanduku. Nyaya za Dafina zilikuwa zinaning'inia, zimekatwa. Yeye mwenyewe alizikata asubuhi ile. Mlango wa marehemu ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Aliporudi na kuweka simu sikioni, mlio ulikuwepo.

"Kuna nini?" Nevena aliuliza. "Umekuwa mweupe kama jibini."

"Hakuna kitu. Waya wa zamani. Nilikuwa nasema, huenda huyo Dafina..."

Mlio ukakatika tena, na safari hii kimya hakikuwa kitupu. Mtu alikuwa anapumua upande wa pili, bila haraka, mtu aliyeshazoea kungoja. Stamen aliogopa, aliogopa kweli kweli. Akatoa karatasi mfukoni na kuiweka mezani.

"Hakuwepo," alisema. "Wala simu haikuwepo. Ni mimi, mama. Nilisokota nyaya zake." Akaeleza yote, hadi kufuli na funguo, huku mkono wa simu ukiwa sikioni, na pumzi ile ikisikiliza.

Nevena aliisoma karatasi mara mbili. Hakulia. Alinyoosha mkono, akampokonya simu.

"Toka nje."

Stamen alisimama kwenye korido, katikati ya milango miwili, kofia mkononi. Alitaka kushuka ngazi mbio lakini hakuweza. Alimsikia Nevena akisema, "Dafina, mimi hapa," kisha akisikiliza, kisha, "Najua. Ulikuja kuniambia hukuwepo, nami sikukufungulia." Akasikiliza tena. Alicheka mara moja, kicheko cha wanawake wanaojuana tangu zamani, halafu sauti yake ikashuka.

"Yuko nje, hajaondoka," Nevena alisema. "Sema wewe. Tumfanye nini?"