Ng'ombe Alipohamishwa

Margwe aliteleza kwenye mkojo wa ng'ombe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alfajiri akienda kukamua. Kibuyu kilipasuka, na nyonga yake ikagonga gogo lililotenganisha upande wa mifugo na upande wa watu. Akabaki chini hapo, ng'ombe akimpumulia kichwani, mpaka Kornelia, mke wa jirani yake Isidori, alipopita kwenda kuteka maji na kusikia ndama analia bila kukoma.

Mfupa haukuvunjika. Lakini habari haikuishia kijijini Tlawi. Ilishuka na lori mpaka Basotu, ambako binti yake Hilaria alikuwa mpishi wa kantini kwenye shamba la ngano la serikali. Ulikuwa msimu wa kuvuna, makombaini, mashine za kuvunia, yakiunguruma tangu umande unapokauka, na wavunaji wanataka kula. Hata hivyo Hilaria aliomba ruhusa, akapewa siku nne.

Hakupoteza hata moja. Aling'oa kizingiti kilichokuwa kikimkwaza baba yake. Alisawazisha sakafu, akamwaga changarawe na kuishindilia kwa mchi. Kitanda cha mzee alikishusha kutoka darini, kisha akaivunja ngazi asije akajaribu kupanda tena. Kutoka kitandani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi chooni, alifunga miti mirefu ya kushikilia, akaiparua kwa kipande cha chupa isije ikamchoma mzee viganja.

Siku ya nne alisema, "Baba, na huyu ng'ombe aende kwa Isidori."

"Akafanye nini?"

"Akae huko yeye na ndama wake. Maziwa utaletewa."

Margwe alitaka kubisha. Kisha akaona mikono ya binti yake, jinsi malengelenge yalivyopasuka. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema.

Ng'ombe akatolewa kwa kamba asubuhi hiyo, ndama nyuma yake. Mchana Hilaria naye akaondoka.

Nyumba ile tangu ijengwe haikuwahi kukaa bila mifugo. Hata mke wake Fabiola alipofariki, miaka mitatu nyuma, jioni ya maziko ilibidi mtu akate majani ya ng'ombe, na mtu huyo alikuwa Margwe. Sasa aliamka, akashika mti, akafika mlangoni bila kuyumba. Akatazama nje. Akashika mti, akarudi. Mtoto wa Isidori alileta maziwa, akayaweka, akakimbilia shule. Baada ya hapo hakuna aliyekuja mpaka kesho yake.

Wiki ya pili alianza kwenda kwa Isidori. Ilimbidi kushuka bonde na kupanda upande wa pili, kwa fimbo, akipumzika mara tano. Akifika alisimama kando ya ng'ombe akimkuna shingo, halafu anaaga. Isidori akimkaribisha chai, mzee anasema ana haraka.

Siku moja mvua ilinyesha, udongo wa bonde ukawa kama sabuni. Margwe alianguka, safari hii mkono ukavunjika.

Hilaria alipofika alikuta mkono umefungwa. Akakaa kwenye kigoda, amechoka, amejaa vumbi la njia.

"Nimekuwekea pa kushika kila mahali," alisema. "Baba, bondeni ulifuata nini?"

Margwe alitazama pembeni. "Nilikwenda kumsalimia ng'ombe."

Hilaria hakucheka.

"Humu ndani hapumui mtu ila mimi," mzee aliendelea polepole. "Ng'ombe akiwepo najua kumekucha, najua ana njaa, nina wa kumkemea. Sasa natembea salama mpaka mlangoni. Nikishafika mlangoni, sina ninachokwenda kufanya."

"Ningekuchukua," Hilaria alisema. "Lakini kile chumba changu tunalala wanawake watatu."

"Najua."

"Sikuuliza, baba. Nilikuja na kazi zangu kichwani, sikukuuliza."

Kesho yake alimwita Isidori. Wakajenga kiambaza cha miti na udongo, kinachomfika mtu kifuani, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa chini wakatoboa mlango wa mifugo, wakachimba mfereji ili mkojo utoke nje. Ng'ombe akarudi na ndama wake. Masharti yalikuwa mawili: Margwe asivuke kiambaza, kazi yake iwe kumtupia ng'ombe kwa juu tu majani atakayoletewa, na Kornelia aje kila asubuhi kukamua, nusu ya maziwa iwe yake.

Hilaria akarudi Basotu, na mavuno yalikuwa bado hayajaisha.

Kornelia alikuwa mtu wa pilikapilika. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Anakamua, anagawa, anajitwika kibuyu chake. Margwe akajifunza kumchelewesha: anamuuliza habari za maharage, za mguu wa Isidori, za nani kazaa. Halafu akaanza kupika uji mapema, kwa mkono mmoja, akiweka vikombe viwili karibu na moto.

Siku moja moja Kornelia alikaa. Siku nyingi hakukaa. Hapo Margwe alikunywa kimoja, akakiacha kingine kipoe, akaegemea kiambaza akisikiliza ng'ombe anavyocheua, mpaka jua lilipofika katikati ya ua, na bado ilikuwa asubuhi, siku ndefu mbele yake.