Kigae cha Chiriku

Mama mwenye nyumba alimkabidhi fundi funguo kwa ncha za vidole, kama anayempa mtu mwenye upele.

"Sitaki kelele. Sitaki wageni. Na usiguse chochote changu. Mwezi ukiisha nikaona umetulia, nitakuandikia hiyo barua yako."

Barua hiyo ndiyo iliyomfanya fundi ameze kila tusi. Bila saini ya mwenye nyumba kwamba mke na mtoto wanaruhusiwa kuishi humo, ofisi ya uhamiaji isingewapa kibali cha kuja. Miaka mitatu alikuwa akibandika vigae kwenye bafu za watu huku ugenini, akilala chumba kimoja na wanaume watano. Alimwacha binti yake hajui kusema hata "baba". Sasa mtoto alikuwa hanyamazi, wakampachika jina, Chiriku.

Haya. Mama huyo alikaa ghorofa ya chini, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchunga ngazi. Fundi akipanda, mlango unafunguka kidogo, jicho linatokeza. "Viatu vyako vina saruji!" Akimsalimu, haitikiwi. Akikohoa tu, sakafu inagongwa kutoka chini kwa mpini wa ufagio. Jamani, hata kukohoa!

Ila bafu ndilo lililomponza. Fundi vigae ana ugonjwa wake: haogi kabla hajagonga ukuta kwa kucha asikilize. Penye saruji nyuma sauti inakufa, penye uwazi kigae kinalia kama debe. Ukuta ule ulilia kote. Maji yalikuwa yanapita nyuma, ukungu mweusi umejaa kwenye maungio. Na mjomba wake aliyemfunza kazi alikuwa akisema, fundi kulala na ubovu anaoujua ni aibu kuliko kulala na njaa.

"Usiguse," mkewe alimwambia kwenye simu. "Baba Chiriku, nakujua na kiherehere chako. Ngoja asaini kwanza."

"Sigusi."

Aligusa. Bosi wake alimpa masalio ya vigae vyeupe, na Jumamosi, mama alipokwenda kwa dada yake, fundi alibandua, akasafisha, akabandika. Alijiambia kwamba kwao mpangaji akikutengenezea nyumba, unamshukuru mpaka kwa majirani. Pumbavu, alikuwa anapima watu wa huku kwa kipimo cha kwao! Katika kila kazi alikuwa na mazoea ya kuandika neno nyuma ya kigae cha mwisho, anachokibandika katikati ya ukuta. Safari hii aliandika kwa penseli jina la mwanawe, akampigia simu ya video amwonyeshe.

"Hiki ni chako. Ukija utaoga unakitazama."

Jumapili asubuhi mama alirudi, akasimama mlangoni mwa bafu, akatazama juu mpaka chini.

"Nilikwambia usiguse."

"Mama yangu, maji yalikuwa yanavuja. Sikudai kitu."

"Mwisho wa mwezi utoke. Barua sahau."

Fundi aliomba. Alijua anajidhalilisha, lakini aliomba, mpaka akapiga magoti na kuweka mikono kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Mama akaruka vidole vyake akatoka.

Alasiri aliingia tena bila hodi, safari hii na mume na mke waliokuwa wanatafuta nyumba. Akawapeleka moja kwa moja bafuni.

"Nimelitengeneza upya," alisema. "Mimi ubovu siuwezi. Ndiyo maana kodi imepanda kidogo."

Lo! Macho makavu kabisa! Damu ilimpanda fundi kichwani. Akachukua patasi, akasema, "Nipisheni." Saruji ilikuwa haijashika sawasawa. Aliipenyeza patasi chini ya kigae kimoja katikati ya ukuta, polepole, kama anayetoa mwiba, kikatoka kizima. Pakabaki tundu.

"Unaharibu bafu langu!"

"Hiki si chako. Hivyo vingine kaa navyo."

Yule mke alimvuta mumewe mkono wakashuka. Mama akawafuata akibwata ngazi nzima.

Simu ikaita. Alikuwa Chiriku, uso umejaa kioo kizima. "Baba, nionyeshe kigae changu!"

Fundi alikigeuza, jina likaonekana, saruji mbichi imegandamana pembeni.

"Mbona umekishika? Si ulikiweka ukutani?"

Fundi alikifuta saruji ya pembeni kwa kidole gumba. Mkewe akatokea nyuma ya mtoto, akatazama kigae, akamtazama mumewe.

"Uligusa," alisema.