Kituo cha Simu cha Trego

Majuma yale kabla tume ya jimbo inayosimamia simu haijaja kusikiliza watu, Verlene Dubray alikuwa akiota simu. Hazikuwa ndoto za kutisha. Aliona tambarare yote, nyasi za kahawia hadi macho yanapokomea, kila nyumba imezima taa, na ndani ya kila nyumba simu inalia polepole, kama ng'ombe wanaoitana kwa mbali. Yeye alipita katikati bila viatu, wala hakuwa na haraka ya kupokea hata moja. Alipoamka, upepo ulikuwa ukisukuma mlango, naye alibaki ameketi kitandani akijaribu kukumbuka ni ya nani ile iliyokuwa ikilia karibu zaidi.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wateja wa kampuni ya simu ya kabila. Ilikuwa mali ya Walakota wote wa pale, wenyeji wa asili wa Marekani, na kwa muda mrefu ilihudumia mji wa Marais na nyumba za mashariki. Sasa kampuni kubwa, ile yenye nyaya katika majimbo mengi, ilikuwa imechoka na huduma za mashambani, ikataka kuuza vituo viwili. Kimoja kilikuwa Plum Draw, ndani ya ardhi ya kabila. Cha pili kilikuwa Trego, mji wa wafugaji wa Kizungu ng'ambo ya mto Moreau, uliokuwa mpaka. Kabila lilitaka kununua vyote, nguzo, nyaya, mitambo na wateja. Muuzaji alikuwa radhi. Ilibaki ruhusa ya tume.

"Shemeji, unaota mchana," ilisema sauti mlangoni. "Nimebisha mpaka mbwa ameanza kunionea huruma."

Huyo alikuwa Orval, mdogo wa marehemu mumewe, na mwenyekiti wa bodi ya kampuni.

"Hakuonei huruma, anasubiri uangushe kipande," alisema Verlene. "Kaa. Ila ukimaliza mkate wangu wote kama juzi, utaosha na vyombo."

"Kaka aliosha vyombo humu miaka yote. Mimi nimekuja kula urithi."

Alikula mkate wa kukaanga kwa jamu ya matunda ya mwituni, akasifia, akaomba mwingine, ndipo akafika kwenye lililomleta. Wakili wa kabila alikuwa amependekeza Verlene awe shahidi, maana watu wa Trego waliijua sauti yake tangu alipokua jirani yao.

"Wale hawaogopi nyaya zetu," alisema Orval. "Wanaogopa mahakama. Wanajua kabila halishtakiwi kwenye mahakama za jimbo. Wakikuuliza hilo, sema suala bado linajadiliwa."

"Linajadiliwa na nani?"

"Shemeji."

"Nauliza tu. Baraza la kabila lilipiga kura mbele ya macho yangu. Wakasema mahakama yetu ni mahakama, hatuiachi kwa ajili ya kituo cha simu. Sasa nani bado anajadili?"

"Ndiyo uzuri wa hilo neno." Orval alijilamba jamu kidoleni. "Ni neno la kulalia. Wote wanasinzia, tume inatoa ruhusa, tunaamka na kituo. Unaota kila siku, unashindwa nini kuwaotesha wengine mara moja?"

Verlene alicheka, naye Orval akacheka, na kwa vile Verlene alicheka, Orval aliondoka akidhani amekubali.

Siku ya kusikilizwa kulikuwa na ukungu. Barabara ya Trego ilionekana vipande vipande, nguzo za simu zikijitokeza mojamoja pembeni na kupotea tena nyuma ya gari. Verlene aliendesha kama aliyelala macho wazi. Alizaliwa upande wa kabila, kwenye nyumba ya mbao kando ya mto Moreau, na ng'ambo ya mto waliishi akina Tschetter, wafugaji. Enzi hizo laini ilikuwa moja kwa nyumba zote za bondeni, za Walakota na za Wazungu, na aliyeinua mkono wa simu alimsikia yeyote aliyekuwa akizungumza. Jumapili alasiri mama Tschetter aliacha mkono wa simu juu ya meza, akachukua kodiani yake, akapiga. Hakutangaza wala hakuuliza kama kuna mtu anasikiliza. Bibi yake Verlene aliweka mkono wa simu ndani ya beseni la bati, na ule muziki ukajaa chumba, mwembamba, wenye mikwaruzo, kama unatoka chini ya maji. Watoto walilala sakafuni. Muziki ulipokoma zilisikika pumzi, za nyumba hii na ile, watu wote wa bonde wakipumua pamoja, kisha simu zikawekwa, tik, tik, tik.

Tume iliketi katika ukumbi wa chakula wa shule ya Trego, uliokuwa ukinuka mahindi ya kopo na dawa ya sakafu. Makamishna walikuwa watatu. Aliyeongoza alikuwa Bibi Haugen, mama mwenye sauti ya chini na sweta ya kijani. Wafugaji walijaa viti, kofia magotini. Mwanasheria wa kampuni kubwa alizungumza, wakili wa kabila akazungumza, mtu wa kodi akazungumza sana. Maneno yalimfikia Verlene yakiwa yamelainika, hayana kingo. Dirishani ukungu ulikuwa ukipanda taratibu kutoka kwenye uwanja wa mpira, na akajikuta anautazama huo.

Alipoitwa, alieleza jinsi wanavyopokea malalamiko na jinsi mafundi wanavyotoka hata theluji ikiwa magotini. Watu walitikisa vichwa kukubali, maana waliona ni kweli. Kisha Bibi Haugen akauliza kama kuna mwananchi mwenye swali. Akasimama Reinhold Tschetter, mtoto wa yule mama wa kodiani, sasa mzee mwenye mgongo uliopinda.

"Sijui nikuite Bibi Dubray humu ndani," alianza.

"Niite ulivyoniita wiki iliyopita ulipokuja kumtafuta fahali wako."

Ukumbi ulicheka. Reinhold naye alicheka, kisha akaigeuzageuza kofia yake.

"Basi, Verlene. Tuseme tumegombana. Siyo mimi na wewe, mimi na kampuni yenu. Mmenikatia simu, baridi kali, mke wangu yuko peke yake nyumbani. Kosa ni lenu na hamkubali. Nakwenda kushtaki wapi?"

Orval, mstari wa mbele, aliinua macho akatazama dari. Neno la kulalia lilikuwa tayari limekaa ulimini mwa Verlene. Aliliona hata lingekwendaje, likielea juu ya zile kofia zote, na watu wakitulia. Lakini Reinhold alikuwa akimtazama vilevile kama alivyomtazama walipokuwa watoto, kila mmoja kwenye ukingo wake wa mto, wakipigiana kelele kuulizana kama barafu imeganda vya kukanyagwa.

"Utakuja Marais," alisema. "Kwenye mahakama yetu."

"Mbele ya majaji wenu."

"Majaji wetu. Ukishindwa utakata rufaa palepale. Mimi nikigombana na duka la hapa Trego, nakwenda kwa majaji wenu. Mpaka leo sijazoea, Reinhold. Lakini nakwenda."

Bibi Haugen alivua miwani akaishika mkononi.

"Asante," alisema Reinhold, akakaa.

Nje, ukungu ulikuwa umebaki juu ya mto tu. Orval alimkuta Verlene kando ya gari lake.

"Nilikuomba neno moja."

"Nililitafuta, shemeji. Halikutoka."

"Neno dogo vile?"

"Yule alikuwa Reinhold."

"Na sisi ni nani?" Orval alisema hivyo bila utani wowote, akaingia kwenye gari lake, akaondoka. Verlene alibaki ameegemea mlango, baridi ikimpanda kutoka miguuni, akihisi kama mtu aliyeangusha kitu ndani ya kisima kirefu na bado hajasikia kikigusa maji.

Uamuzi ulitoka theluji ikiwa imeshakaa. Plum Draw, ruhusa. Trego, hapana, kwa kura mbili dhidi ya moja. Bibi Haugen alikuwa mmoja wa wale wawili. Wakili alimsomea Verlene maneno ya mama huyo kwenye simu: kwamba alimwamini shahidi kwa kila neno, na ndiyo sababu asingeweza kuwapeleka watu wa Trego kwenye mahakama ambayo hawakuichagua.

"Kwa hiyo amenikataa kwa kuniamini," alisema Verlene.

"Ndiyo hivyo," alisema wakili. "Wengine huwa tunakataliwa kwa kutoaminiwa. Sijui kipi ni afadhali."

Orval hakuja kula mkate mwezi ule, wala uliofuata. Verlene alikaanga kidogo, mbwa akala vilivyobaki. Ndoto zake nazo zilinyamaza. Alilala kama jiwe na kuamka amechoka. Kazini hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, ila alipoingia kwenye chumba cha chai mazungumzo yalibadilika yakawa ya hali ya hewa.

Kisha asubuhi moja Orval akatokea mlangoni, theluji mabegani, paja la nyati limefungwa kwenye karatasi mikononi.

"Sijakusamehe," alisema. "Nimekuja kwa sababu mke wangu hajui kukaanga."

"Nitamwambia umesema hivyo."

"Ukimwambia nitahamia hapa, halafu utaona." Aliweka nyama mezani, akavua glovu, akazikung'uta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Baraza walitaka kujua ulisema nini kule. Nikawasomea. Halafu wakaanza kuzungumzia gharama za kuzoa theluji barabarani. Nilikuwa nimejiandaa wakutukane, shemeji, nikutetee. Sikupata hata nafasi."

"Ungenitetea?"

"Ningejaribu. Labda neno lisingetoka."

Verlene alimgeuzia mgongo akatafuta kikaango, maana macho yalikuwa yamejaa machozi na hakutaka kumpa shemeji raha hiyo.

Plum Draw iliingia mikononi mwao siku ya jua kali na baridi kali. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha matofali kisicho na dirisha. Fundi alifunga swichi ya mwisho, mitambo ikaanza kunong'ona, na wote waliokuwa ndani wakasimama wakiisikiliza. Verlene alifikiria nyumba za bonde lile ambazo miaka yote ziliambiwa nguzo haziwezi kufika kwao. Nguzo zingefika, ingawa kwa kuchelewa. Aliweka kiganja juu ya kabati la chuma. Lilikuwa na joto kama ubavu wa farasi.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria mapema. Kwa kuwa Plum Draw sasa ilikuwa ya kabila na Trego ilibaki ya kampuni kubwa, mto Moreau ukawa mpaka wa simu. Reinhold akitaka kuzungumza na jirani wa ng'ambo, ambaye taa ya jiko lake anaiona, alitozwa bei ya simu ya mbali, kama anayepiga hadi pwani.

Mwezi wa pili alikuja mwenyewe ofisini Marais, kofia imefunika masikio, akajiegemeza kwenye kaunta.

"Nimekuja kukupigia simu," alisema.

"Nakusikia vizuri," alisema Verlene. "Laini safi leo."

"Hawa wa kampuni kubwa wananijibu kwa mashine. Bonyeza hiki, bonyeza kile. Nataka kuhamia kwenu."

"Ulinyanyuka wewe ukauliza."

"Niliuliza, ndiyo. Sikupiga kura." Alikohoa. "Ningeuliza tena pia. Si jibu lenyewe lilikuwa zuri?"

"Lilitunyima Trego."

"Lilikuwa zuri hata hivyo."

Verlene alimmiminia kahawa, akamsogezea kiti karibu na hita. Walizungumza juu ya mkewe, mguu wake, na yule fahali asiyekubali uzio. Nje theluji ilianza, nyepesi, isiyojua ianguke wapi. Sauti ya Reinhold ilipungua katikati ya habari za fahali, kidevu kikashuka kifuani, akalala na kikombe mkononi. Verlene alikichukua taratibu kabla hakijamwagika. Simu ya mezani ilikuwa inaanza kulia. Akapunguza mlio wake, akainua, akasema kwa kunong'ona, "Kampuni ya simu, nikusaidie nini?"